Mbio za Wawili

3 Septemba, Jumanne

Mvua imeanza saa nane kamili mchana, kama mtu aliyeajiriwa. Nimeanza daftari hili kwa sababu huu ni msimu wangu wa mwisho na sitaki uzeeni nijidanganye kuhusu yaliyotokea. Januari nachukua duka. Macho ya Aabo, baba yangu, hayatofautishi tena nati namba nane na namba kumi, na kaka yangu Rashad ameshatangaza kwamba hatoki Nairobi hata akivutwa kwa winchi. Kwa hiyo mimi, Hodan Abdinasir, mwenye miaka ishirini na sita, nitakaa nyuma ya kaunta ya vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Kisii mjini. Sinung'uniki. Duka hilo ndilo lililonipa baiskeli ya kwanza.

Ila kabla ya hapo nataka ubingwa wa taifa. Mwaka jana tulikosa kwa pointi moja, mimi na Mokeira. Pointi moja tu. Sijawahi kuchukia namba kiasi hicho.

Mbio zetu ni za wawili wawili. Baiskeli zenyewe hazina breki na gia ni moja. Gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka, utake usitake. Mmoja anashindana huku mwenzake akizunguka polepole pembeni apate pumzi. Wakikutana, anayeshindana anamkamata mwenzake mkono na kumrusha mbele kwa nguvu zake zote, na mashindano yanakuwa ya yule mwingine. Mkono wa kulia unarusha, wa kushoto unapokea. Watu hudhani kazi iko miguuni. Kazi iko mikononi, na kwa yule unayempa mkono.

5 Septemba

Mazoezi. Matope. Mwalimu Obwocha, aliyestaafu kufundisha michezo lakini hajastaafu kupiga kelele, amechora upya mstari wa uwanja kwa majivu. Mvua imeufuta kabla hatujamaliza kufunga helmeti.

14 Septemba, Jumamosi

Nimeshinda kwa kina Mokeira, Ekerenyo. Mama yake ana sufuria moja nyekundu ambamo hapikiwi mtu mwingine ila mimi. Aliinunua miaka minne iliyopita baada ya kuuliza maswali mengi kuhusu chakula chetu sisi Waislamu, na mtoto yeyote wa boma hilo akiigusa anakiona. Leo amenipikia maharagwe na mboga ya chinsaga, akanikalisha karibu na moto, akaniambia nimekonda. Mokeira alicheka akasema mimi hukonda kila nikija huko, halafu nanenepa nikifika mjini.

Tulienda kutazama ndizi zao chini bondeni. Mokeira hupakia mikungu mitatu kwenye baiskeli ya mizigo na kupanda nayo kile kilima bila kushuka. Ndiyo sababu akinirusha nahisi nimepigwa teke na punda. Tuliapa pale mgombani kwamba mwaka huu hatutarudi na nafasi ya pili. Mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kubwa zaidi.

19 Septemba

Edinah, msichana mpya wa klabu, ameweza mizunguko ishirini bila kuachwa. Ana miaka kumi na tisa na anatoka mlima wa pili kutoka kwa kina Mokeira. Ananiita dada Hodan na kuniuliza maswali mpaka natamani kujifanya kiziwi.

28 Septemba, Jumamosi

Nimeanguka. Nyasi zilikuwa zimelowa. Mokeira alinishika mkono, gurudumu langu la mbele likateleza, yeye akaachia kwa wakati na mimi nikafika chini nikiwa nimetanguliza mkono wa kushoto. Nilisikia kitu kikilia ndani ya kifundo cha mkono. Mwalimu alikuwa upande wa pili akimfokea Edinah, hakuona.

Daktari wa kliniki amesema mfupa mdogo umepasuka. Plasta wiki sita, au zaidi. Nimehesabu: mashindano ni tarehe saba Desemba. Nimekataa plasta. Amenitazama kama mtu anayetazama ng'ombe akiingia shimoni, kisha akanifunga bendeji ngumu na kunisainisha karatasi.

Mokeira alikuwa nami. Tukitoka aliniambia tumwambie Mwalimu. Nikamwambia akithubutu, urafiki wetu umeisha hapo. Mwalimu angenipumzisha, na mwaka wangu wa mwisho ungekwisha kwa kukaa kwenye benchi na mwavuli. Mavazi yangu ya mbio yana mikono mirefu mpaka vidoleni. Hakuna atakayeona kitu. Tulipofika stendi ya magari ya Nyamira, Mokeira akasema sawa. Hiyo ndiyo siri yetu na hakuna wa tatu.

1 Oktoba

Tumebuni njia. Badala ya kunishika mkono wa kushoto, Mokeira ananisukuma kiunoni. Tunapoteza mita tatu, labda nne, na nusu ya mzunguko wa kwanza nakuwa mzito. Mwalimu ameuliza ni ufundi gani huo. Nimemjibu ni wa kisasa, nimeuona kwenye simu. Ameridhika, kila kilicho kwenye simu humtia hofu.

3 Oktoba

Mvua. Kifundo kinauma nikifungua hata kifuniko cha chupa.

12 Oktoba, Jumamosi

Mgeni. Drusilla, bingwa mtetezi, yule aliyetushinda kwa pointi moja. Yuko kwenye klabu kubwa Nairobi lakini kwao ni Kenyenya, na amekuja kumwona bibi yake. Mwenzake wa mwaka jana amejifungua majuzi, kwa hiyo msimu huu hana wa kuendesha naye. Alisimama kwenye kona na mwavuli wake wa rangi mbili, akatutazama saa nzima. Nilimpa mkono wa kulia. Alisema tuko vizuri. Sikupenda jinsi alivyolisema.

15 Oktoba, Jumanne

Mokeira hakuja. Amepiga simu: leo ni siku ya majani chai, mama yake hana wa kumsaidia kuchuma. Nimezunguka na Edinah.

17 Oktoba, Alhamisi

Mokeira hakuja. Majani chai.

22 Oktoba, Jumanne

Majani chai. Nimemwambia apumzishe mgongo, kuchuma kunakata kiuno. Nilimpa salamu za kumpelekea mama yake na kumwambia anitunzie sufuria.

24 Oktoba

Majani chai, mvua, Edinah. Mwalimu anauliza Mokeira yuko wapi, nami namtetea kama wakili. Nimesema familia kwanza. Nimesema mtu hawezi kuacha chai ioze mtini kwa sababu ya baiskeli. Nilijiona mtu mwema sana.

29 Oktoba, Jumanne

Leo nitaandika kirefu.

Edinah alikuja dukani asubuhi kununua cheni. Wakati natafuta yenye kipimo chake alikuwa akiongea tu, kama kawaida yake, kuhusu mama yake na kituo cha kununulia chai cha kule kwao, jinsi karani alivyokataa majani yao Jumatatu kwa kuwa yalikuwa magumu, na sasa itabidi wangoje kesho. Nikauliza kwa nini wangoje kesho na leo ipo.

"Leo ni Jumanne, dada Hodan," akasema. "Chai kwetu inanunuliwa tu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukichuma Jumanne itanyauka kwa nyumba, utaimwaga."

Mimi ni mtu wa mjini. Chai naijua ikiwa kwenye pakiti. Nilidhani majani huchumwa kama unavyochuma sukuma, siku yoyote tumbo likidai. Wiki mbili nimedanganywa uongo ambao mtoto wa darasa la pili kule Ekerenyo angeucheka. Na Mokeira alijua sijui. Hicho ndicho kinachoniuma: alichagua uongo wa kunitosha mimi peke yangu.

Nilimwachia Aabo duka nikapanda mpaka Ekerenyo. Mama Mokeira alikuwa nje anaanika mahindi. Aliponiona alishika kanga yake kifuani, akaanza kunieleza habari za mvua, na za jirani, na za ng'ombe. Nilimuuliza Mokeira yuko wapi. Akasema nisimuulize yeye, nimuulize mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunikaribisha ndani.

Mokeira alirudi saa kumi. Alikuwa na begi jipya la klabu ya Nairobi na matope mekundu miguuni. Siku zote hizo amekuwa Kenyenya, akizunguka na Drusilla kwenye uwanja wa huko. Jina lake limeshapelekwa. Ataendesha na Drusilla kwenye mashindano.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu ile Jumamosi ya mwavuli.

"Mkono wako haujapona, Hodan," akasema. "Nilikuomba upumzike, ukakataa. Mimi pia nataka hiyo jezi ya ubingwa. Mimi sina duka la kurudia."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungelia, nami ningebaki. Nakujua."

Nilimuuliza kama amemwambia Drusilla habari za mkono. Akasema hapana, hajamwambia mtu. Simwamini. Mtu anayekuza chai ya Jumanne anaweza kukuza chochote.

30 Oktoba

Sijala. Aabo ameuliza nani amekufa.

31 Oktoba, Alhamisi

Mwalimu Obwocha amepata habari na amekasirika kwa lugha tatu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, kwamba nina njia mbili: niache, au niendeshe na Edinah. Edinah alikuwa amesimama nyuma yake, anajifanya anakaza nati ambayo ilishakazwa.

Nimesema Edinah.

9 Novemba

Msichana huyu ana mapafu ya farasi. Hajui kusoma mbio, anavutwa na kila anayekimbia mbele yake, lakini hachoki na haogopi. Kurusha bado. Ananisukuma kiunoni kwa adabu, kana kwamba anapisha mtu mlangoni. Nimemwambia akasirike. Akaniuliza amkasirikie nani. Nikamwambia nina jina moja la kumkopesha.

16 Novemba

Edinah ameuliza kwa nini yeye nampa mkono kama kawaida wakati namrusha, lakini yeye anisukume kiunoni. Mwalimu aliwafundisha wapya kwamba mkono ni haraka zaidi. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyozoea. Akasema sawa, dada.

Kifundo kimeanza kupoa. Baadhi ya asubuhi nasahau kabisa kwamba kinauma.

23 Novemba

Mokeira alinipigia simu mara mbili. Sikupokea. Sufuria nyekundu imeletwa dukani na mtu wa pikipiki, imefungwa kwenye gazeti, bila neno. Nimeisukuma chini ya rafu ya matairi. Nimelia kidogo, kisha nikamuuzia mteja pampu.

30 Novemba, Jumamosi

Edinah amenirusha vizuri mara kumi na mbili mfululizo. Kiunoni, lakini vizuri. Mwalimu alisahau kupiga kelele. Nimeanza kuamini, na hilo linanitisha kuliko mvua.

6 Desemba, Ijumaa

Tumefika. Uwanja wa lami, kona zimeinuka, hakuna nyasi wala majivu. Edinah ameugusa kwa kiganja kama mtu anayejaribu pasi. Drusilla na Mokeira walikuwa wakifanya mazoezi kwa jezi zinazofanana. Wanarushana kwa uzuri unaochukiza.

8 Desemba, Jumapili

Nimekaa siku nzima na daftari hili bila kuandika. Sasa naandika, na nitaandika yote.

Jana asubuhi, saa moja kabla ya mbio, Edinah alinijia nikifunga viatu. Uso ulikuwa umemsawijika. Alisema Mokeira amemwita kando kwenye mabomba ya maji na kumwambia jambo.

"Amesema mkono wako wa kushoto ulivunjika, nisiushike hata kidogo, nikiushika tutaumia," Edinah akasema. "Ni ukweli, dada?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno moja. Lakini nilichokisikia ni kwamba Mokeira amevunja siri yetu, na tena ameivunja asubuhi ya mbio, ili kumtia Edinah baridi. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Na chini ya hasira kulikuwa na hofu: Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka hapo, na Edinah akijua, Mwalimu angejua.

"Ni uongo," nikamwambia. "Mkono wangu ni mzima. Anataka uingie na woga. Unaniamini mimi au unamwamini yeye?"

"Wewe," akasema, na uso wake ukafunguka.

Mizunguko sitini. Kila mizunguko kumi kuna pointi. Tulipata ya kwanza. Wakachukua ya pili na ya tatu. Ndipo nilipoona wanachofanya: kila nilipopokea kwa kusukumwa, katika ile nusu mzunguko ya uzito, Mokeira alikuwa anachomoka. Si Drusilla, Mokeira. Mara ya kwanza nilisema bahati. Mara ya tatu sikuwa na shaka. Alikuwa anaendesha juu ya kidonda changu akijua kilipo. Niliendesha kwa chuki, na chuki ina miguu mizuri. Tukachukua ya nne. Ya tano ikaenda kwa klabu nyingine. Ilipobaki mizunguko kumi tulikuwa sawa kwa pointi, na Mwalimu Obwocha alikuwa amevua kofia na kuitafuna.

Mizunguko mitatu ya mwisho Edinah alikuwa ndani na mimi napumzika juu. Alikuja kwangu akiwa na kasi ambayo sijawahi kuiona kwake. Yeye pia alikuwa ameona jinsi tunavyopoteza zile mita. Ni mtoto mwepesi kuelewa. Alikuwa ameambiwa na mtu anayemwamini kwamba mkono ni mzima, na alijua mkono ni haraka zaidi. Hakunisukuma kiunoni. Aliukamata mkono wangu wa kushoto, akaweka uzito wake wote, akavuta.

Maumivu yalinifanya niupokonye mkono kabla sijafikiri. Edinah alikuwa ameegemea kitu ambacho hakikuwapo tena. Nilimsikia akipiga lami.

Sikugeuka. Naandika hili kwa sababu nilisema sitaki kujidanganya. Sheria inaruhusu mmoja kumaliza, na mbele yangu kulikuwa na Drusilla peke yake. Nilikanyaga mizunguko miwili na nusu kwa mkono mmoja. Drusilla alinishinda kwa urefu wa gurudumu.

Nilipopunguza mwendo nikatazama upande wa kona. Edinah alikuwa amelala ubavu, mguu bado umeshikwa na pedali. Aliyempigia magoti, akimshikilia kichwa kisisogee, alikuwa Mokeira. Alikuwa ameiacha baiskeli yake pembeni wakati mbio bado zinaendelea. Hakuniangalia. Hata jezi ya ubingwa alienda kuivaa akiwa amechelewa, wakati mwenzake ameshasimama juu peke yake kwa dakika nzima.

Nafasi ya pili. Mtulinga wa Edinah umevunjika vipande viwili. Mwalimu alipomuuliza kilichotokea, akiwa kwenye machela, Edinah alisema alinishika vibaya, kosa ni lake. Mwalimu akaniangalia mimi. Nikainama kufungua kiatu.

10 Desemba

Mvua imekatika tangu jana. Aabo anasifu sana nafasi ya pili. Ameipachika medali juu ya rafu ya plagi.

12 Desemba

Sijaenda Ekerenyo. Leo kulikuwa na wateja wengi.

13 Desemba

Wateja.

14 Desemba, Jumamosi

Nimeenda.

Mama yake Edinah alinipokea mlangoni kwa mikono miwili. Alinishukuru kwa kumlea binti yake msimu mzima na kwa kumfikisha mahali ambapo hakuna mtu wa mlima wao aliyewahi kufika. Alisema nikae nikule, halafu akaenda jikoni akatuacha.

Edinah alikuwa kitini, mkono umefungwa kifuani, nywele zimesukwa upya. Aliniuliza habari za duka. Aliniuliza kifundo kinaendeleaje, hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida. 

"Nilimpigia Mokeira simu Jumatatu," akasema. "Asubuhi ile nilirudi kwa hayo mabomba nikamwita mwongo mbele ya watu. Nikamwomba msamaha. Wewe sikukupigia. Nilitaka kuona kama utakuja mwenyewe."

Nikamwambia yote: nyasi zilizolowa, daktari, plasta niliyoikataa, ufundi wa kisasa wa kwenye simu. Nikamwambia nilimsikia akianguka na sikugeuka. Sauti yangu ilikatika mara kadhaa na yeye hakunisaidia. Alinisikiliza kwa makini yale yale aliyokuwa nayo nikimfundisha kukata kona.

Nilipomaliza alisema bega litapona kufikia Machi. Yule mwenza wa zamani wa Drusilla anarudi mwakani baada ya likizo ya uzazi, kwa hiyo Mokeira hana mtu, na ameuliza kama Edinah ataendesha naye. Amekubali. Alitaka anieleze yeye mwenyewe, nisije nikasikia kwa watu.

Mama yake akaingia na sahani, akauliza mbona tumenyamaza hivyo. Edinah akamjibu kwa Ekegusii kwamba tulikuwa tunapanga mambo ya mwakani.

Nikamwambia Edinah amechagua vizuri. Nikamwambia Mokeira akirusha hubana sana kidole gumba, kwa hiyo afunge plasta kwenye gumba la kushoto mapema, kabla ya mazoezi ya kwanza. Akaitikia kwa kichwa, nami nikala chakula chote nilichowekewa.